Tikiti na Ufunguo

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimeketi malkani na wajukuu wangu watatu. Malka, kwa wewe usiyekaa karibu na mto Tana, ni njia ya mifugo kushukia mtoni. Ukingo umelainishwa na kwato za miaka mingi, mbuzi wanateremka bila kuteleza, na ngamia wanapinda shingo wakanywa mpaka wakatosheka. Kijana mmoja alikuja na mkokoteni wa punda uliojaa matikiti kutoka mashamba ya kando ya mto. Punda alipoyaona maji aliyakimbilia, gurudumu likaingia shimoni, tikiti moja likaruka. Kijana akajirusha kulidaka, asilidake. Na pale alipoinama, ufunguo wa kufuli ya kibanda chake ukachomoka mfukoni mwa shati, ukaangukia karibu pale pale tikiti lilipoangukia.

Tikiti lilikuwa la kilo 8 hivi. Ufunguo haukufika hata gramu 20.

Tikiti lilipiga maji kwa kishindo likapotea kabisa, na mjukuu wangu mdogo akashika kichwa: "Limeenda!" Kisha likaibuka hatua tatu mbele, limetoa upara wake wa kijani juu ya maji, likaanza safari taratibu kufuata mkondo. Kijana akalikimbilia ukingoni, akalivuta kwa fimbo ya kuswagia punda. Ufunguo hatukuuona tena. Maji ya Tana yana rangi ya chai ya maziwa; kitu kikishazama shibiri moja, macho hayana kazi tena.

"Babu," akasema mjukuu wangu wa kati, ambaye ana miaka 10 na haachi jambo lipite hivi hivi, "mto umekosea. Kizito kimeelea, chepesi kimezama."

Sikumjibu pale pale. Swali zuri halijibiwi huku jua linatua na mamba wako majini. Nilimwambia abebe mtungi wetu mtupu twende nyumbani, kwa kuwa jibu limo ndani ya mtungi.

Mtungi wenyewe unaujua. Ni ule wa plastiki wa lita 20, aghalabu wa manjano, uliokuja nyumbani kwanza na mafuta ya kupikia kisha ukabaki kuwa wa maji. Kuanzia Mandera kwenye mto Daua, kupitia visima vya Wajir, hadi kwetu Garissa, mtungi huo ndio kipimo chetu. Hatuulizani nyumba ina lita ngapi, tunaulizana ina mitungi mingapi. Na kila mgongo uliowahi kuubeba unajua kwamba maji ya mtungi mmoja ni kilo 20. Lita moja ya maji, kilo moja. Shika hilo, ndilo tutakalotembea nalo.

Tulipofika uani niliwaketisha mkekani, nikauweka mtungi katikati, nikawaambia: tuujaze kwa mawazo.

Tukiujaza mafuta ya kupikia, utakuwa na kilo ngapi? Mkubwa akasema 20, kwa sababu mtungi ni ule ule. La. Mafuta ya mtungi mzima ni kilo 18 na kitu. Mafuta taa ni kama kilo 16. Maziwa yanapita maji kidogo, kilo 20 na nusu au zaidi kidogo. Asali inakaribia kilo 28. Mchanga mkavu wa laga, mto wa msimu, ni kilo 32 hivi. Chuma kigumu kikiujaza mtungi mpaka pomoni bila kuacha mwanya, kilo 156. Na dhahabu, ile inayometameta kwenye maduka ya sonara, mtungi mmoja ungekuwa na kilo 386, na hakuna punda ambaye angenyanyuka nao.

Mtungi ni ule ule na nafasi ni ile ile, ila vitu havijashindiliwa sawa ndani yake. Uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayoichukua, hiyo ndiyo inayoitwa densiti. Mkikutana na neno hilo darasani msilikimbie. Ni swali la mtungi tu: je, kitu hiki kikijaza mtungi wa lita 20 bila kuacha mwanya, kitakuwa na kilo ngapi?

Kikiwa chini ya 20, kitaelea majini. Kikipita 20, kitazama.

Sasa rudini malkani. Tikiti lile lingesagwa na kushindiliwa mtungini, nyama na ganda na mbegu, lingetoa kilo 19 hivi. Limepungukiwa kidogo tu na maji, ndiyo maana lilitoa upara peke yake na mwili wote ukabaki chini. Ufunguo ni wa chuma: 156. Mto hauulizi kilo zako ni ngapi. Mto hulinganisha kilo zako na kilo za yale maji uliyoyahamisha.

Mjukuu wa kati hakuridhika. "Mto hauna mizani, Babu. Unajuaje?"

Hapo nilifurahi. Nilileta karai kubwa la maji, nikaufunga mtungi mtupu kifuniko vizuri, nikamwambia ausukume uzame. Alisukuma kwa mkono mmoja, ukamshinda. Akaweka mikono miwili, kisha kifua, na maji yakapanda yakamwagika pande zote za karai. Alipoachia, mtungi uliruka ukamlowesha uso. Sote tukacheka, yeye akacheka zaidi.

"Ni nani aliyekusukuma?" nikamuuliza.

Ni maji. Maji hulemewa na uzito wake yenyewe, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo yanavyokaza zaidi, kwa maana yaliyo juu yanayalalia yaliyo chini. Ukipiga mbizi unalisikia hilo masikioni. Basi kitu kikiwa majini kinasukumwa kila upande, lakini tumbo lake liko chini zaidi kuliko mgongo wake, kwa hiyo msukumo wa kutoka chini unaushinda ule wa kutoka juu. Tofauti hiyo ndiyo inayokinyanyua. Na kipimo chake hakibahatishwi: ni uzito kamili wa maji yaliyopisha. Ukihamisha lita 5, utanyanyuliwa kwa nguvu ya kubeba kilo 5. Ukihamisha lita 20, kilo 20. Mtungi mtupu wenyewe una kilo moja hivi, kwa hiyo ukiuzamisha wote unabaki na nguvu ya kubeba kilo 19 za ziada. Ndizo zilizopigana na kifua cha mjukuu wangu.

Aliyeiandika kanuni hii mapema ni Archimedes, mtu wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Lakini mimi napenda zaidi kuwasimulia watoto habari za al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, Asia ya Kati. Huyu alitengeneza chombo chenye mrija ubavuni. Alikijaza maji mpaka usawa wa mrija, akatumbukiza kito au kipande cha madini, maji yakatoka kwa mrija, akayapima. Kwa njia hiyo alijua kila kito kinachukua nafasi kiasi gani, hata kiwe na umbo la ajabu namna gani, na aliweza kutofautisha kito na kito kinachofanana nacho. Karne moja baadaye, mwaka 1121, al-Khazini aliandika kitabu kizima kuhusu mizani na maji, kiitwacho Mizani ya Hekima. Chombo cha al-Biruni mnaweza kukiiga nyumbani kwa mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa tundu ubavuni. Sisi tulifanya hivyo kesho yake, na alasiri nzima hakuna jiwe la uani lililosalimika.

Nirudi kwenye ile mitungi, maana nina deni nayo.

Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yalinikuta kijana. Tana ilitoka kwenye kingo zake, ikaingia mashambani, barabara zikakatika, na chakula kikawa adimu. Sisi tulikuwa tumebaki upande mmoja wa maji yaliyotuama, na gunia letu la mahindi la kilo 50 liko upande wa pili pamoja na mbuzi mmoja wa kilo 30 hivi. Mjomba akasema tutengeneze chelezo. Tukachukua kitanda cha mbao, tukafunga chini yake mitungi 6 mitupu, mitatu kulia na mitatu kushoto. Hesabu yake ilikuwa sawa, ingawa hakuiandika popote: mitungi 6 kwa kilo 19 ni kilo 114, na mzigo ni kilo 80. Mbao za kitanda zinaelea zenyewe, hazikuhitaji msaada.

Kilichotuponza ni vifuniko. Viwili vya upande wa kushoto vilikuwa vimepotea, nikaziba midomo kwa mifuko ya plastiki na kamba, nikasema inatosha. Tulipofika katikati, maji yakitufika kiunoni, kitanda kikaanza kuinama kushoto. Kwanza kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo. Kisha zaidi. Maji yalikuwa yakiingia mitungini polepole, bubu bubu bubu, na kila lita iliyoingia ilifukuza lita moja ya hewa. Upande ule ulikuwa na nguvu ya kubeba kilo 57. Mitungi miwili ilipojaa ulibaki na 19, na nusu ya mzigo ilikuwa kilo 40. Mbuzi aliruka, akaogelea, akafika kabla yetu. Gunia lilienda chini. Tulilipata, lakini mahindi yaliyolowa katika joto la Garissa hayachukui siku mbili kabla ya kuota ukungu.

Kuna jambo niliona siku ile ambalo sikulielewa mpaka nilipokua. Ile mitungi miwili iliyojaa maji haikuzama. Tulipoikata kamba ilibaki ikielea kwa unyonge, mdomo tu ukichungulia. Jaribuni kwenye karai nanyi mtaona. Plastiki yake ni nyepesi kidogo kuliko maji, na maji ndani ya maji hayazami wala hayaelei, yako nyumbani kwao. Mtungi uliojaa haukuvuti chini, ila hauna tena msaada wowote kwako. Kinachobeba ni ile nafasi iliyojaa hewa, na plastiki kazi yake ni kulinda nafasi hiyo isivamiwe.

Sasa mnaweza kuijua siri ya mashua ya chuma. Chuma ni 156, kwa nini isizame? Kwa sababu mto hauhesabu chuma peke yake. Unahesabu chuma pamoja na hewa yote iliyokumbatiwa ndani ya mashua, kama kitu kimoja. Ujazo ni mkubwa na uzito ni mdogo, kwa hiyo inaelea, na itaendelea kuelea mradi maji hayajapita ukingo wa mashua.

Mvua kubwa zilirudi mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024. Barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilifunikwa na maji eneo la Mororo, karibu na Madogo, na watu wakawa wanavuka kwa mashua mahali ambapo zamani yalipita magari. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua moja ilipinduka hapo Mororo. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi kwao. Nawaeleza hili bila kulipunguza, kwa kuwa wengi wenu mtapanda mashua na ni haki yenu kujua kinachotendeka chini ya miguu yenu.

Chukulia mashua ambayo tumbo lake lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 1. Kila inaposhuka sentimita 1 majini inahamisha lita 50, yaani inapata nguvu ya kubeba kilo 50. Mtu mzima wa kilo 60 akiingia, mashua inashuka sentimita moja na kidogo. Haionekani. Wa pili, vivyo hivyo. Lakini watu 20 ni sentimita 24, na ubavu uliobaki juu ya maji unaweza kuwa upana wa kiganja. Wimbi dogo linaruka ndani. Maji yakishaingia, ujazo haukuongezeka ila uzito umeongezeka, mashua inashuka tena, na wimbi linalofuata linaingia kwa urahisi zaidi. Watu wakiogopa husimama, na mzigo ukipanda juu mashua hupoteza uthabiti. Kwa hiyo kabla ya kupanda, tazama ubavu. Ukiona maji yamekaribia ukingo, shuka, hata kama umeshalipa nauli, hata kama unachekwa.

Na wewe mwenyewe, ukiwa ndani ya maji? Mwili wa binadamu ungejaza mtungi kwa karibu kilo 20, sawa na maji. Ukivuta pumzi ukajaza mapafu unakuwa mwepesi kidogo kuliko maji, ukiitoa unakuwa mzito kidogo. Tumewekwa mpakani. Mamba hutumia mpaka huo kwa ustadi: akivuta hewa anaelea, macho na pua tu nje, akiitoa anadidimia bila hata kiwimbi, ndiyo sababu siwaruhusu wajukuu wangu kuchota maji pasipo na uangalizi. Kiboko ana mifupa mizito, hata si mwogeleaji hodari. Hutembea chini ya mto kama mzee anayepita sokoni.

Kwa kuwa tuko mpakani, kitu kidogo kinatosha kutuvusha upande wa usalama au upande wa hatari. Aliyeanguka majini huenda akanyoosha mikono juu akipiga kelele. Mikono ile ikiwa ndani ya maji ilikuwa ikibebwa. Ikitoka nje inakuwa mzigo, na kinachoulipia ni kichwa, kinazama. Atakayelala chali, mikono majini, kifua kimejaa hewa, uso juu, ana nafasi kubwa zaidi. Na jaketi la kuelea halihitaji nguvu nyingi, kwa sababu si lazima libebe kilo zako zote, linabeba zile chache tu ambazo maji yamekataa kuzibeba. Hata mtungi mtupu wa lita 5, uliofungwa kifuniko kisichovuja, umeshamwokoa mtu aliyeukumbatia. Lakini jaribio la namna hiyo si la mtoni. Likifanywa, lifanywe kwenye karai, kwa mwanasesere.

Hesabu ile ile hubeba magari. Laga zetu hukaa kavu miezi, ngamia wanalala humo, kisha mvua inanyesha mbali usipoiona na ukuta wa maji unashuka. Dereva huona maji ya goti akasema gari langu ni zito, litapita. Gari dogo la kilo 1,100, lenye sakafu ya mita 4 kwa mita 1 na nusu, likifunikwa sentimita 10 tu juu ya sakafu limehamisha lita 600, na tairi zinabaki zikikanyaga kwa kilo 500 peke yake. Sentimita 10 nyingine na tairi hazikanyagi kitu. Gari limegeuka mtungi, na mkondo unalipeleka utakako. Mwezi huo huo wa Aprili 2024, basi lililokuwa likielekea Nairobi lilisombwa na mafuriko kwenye barabara hiyo ya Garissa, na abiria 51 wakaokolewa. Basi! Kitu kinachotikisa ardhi kikipita. Kwa maji, ni sanduku kubwa la hewa.

Usiku ule niliishia hapo, kwa kuwa mdogo alikuwa amelala. Lakini asubuhi tulienda sokoni kununua maziwa ya ngamia, na somo likatufuata.

Maziwa hukamuliwa huko malishoni alfajiri, yakafika mjini kwa mitungi midogo, mengine yakapakiwa basini kwenda Eastleigh, Nairobi. Mama tuliyemkuta alikuwa akipokea maziwa kutoka kwa mchungaji, na mkononi ana laktomita. Ni kidude cha kioo: tumbo nene chini lenye vipande vya risasi vya kulifanya lisimame, na shingo nyembamba yenye namba. Alimimina maziwa kwenye chombo kirefu, akaitumbukiza polepole, akaizungusha kidogo kwa vidole viwili isigande ukutani. Ikapanda, ikashuka, ikatulia. Akainamisha uso mpaka jicho likawa sawa na maziwa.

"Thelathini," akasema. Maana yake lita moja ya maziwa yale ina gramu 1,030. Maji matupu yangesoma sufuri.

"Na kama ameongeza maji?" mjukuu akauliza.

Yule mama hakumfukuza. Alichukua vikombe 9 vya maziwa akatia kimoja cha maji, akapima tena. Laktomita ikazama zaidi, ikasoma 27. Maji yameyapunguza maziwa uzito, kwa hiyo hayawezi kuibeba laktomita juu kama mwanzo. Kidude kisicho na betri wala kioo cha kuwaka kilikuwa kimesema ukweli kwa kuelea tu. Mama akayatenga yale maziwa yenye maji kando, ya kupikia chai ya nyumbani, na hakutaka tumlipe.

Akatuambia pia kwamba maziwa ya ng'ombe ukiyaacha usiku yanatoa malai juu, ila ya ngamia yanachelewa sana. Mafuta ni mepesi kuliko maziwa, kwa hiyo hupanda. Lakini chembe za mafuta katika maziwa ya ngamia ni ndogo mno na hazishikani upesi, na chembe ndogo hupanda kwa kujikokota. Udogo hauzuii safari, unaichelewesha tu. Tope la Tana nalo lina tabia hiyo hiyo upande wa chini. Chembe ya udongo ni nzito mara mbili na nusu kuliko maji, ilipaswa kuzama mara moja, lakini kwa kuwa ni ndogo kuliko unga hushuka saa nyingi. Ndiyo maana mama zetu huyatuliza maji ya mto usiku kucha, au huyakoroga kwa shabu, na shabu ikazikusanya chembe zikawa mabonge yanayoshuka haraka. Na huko Kipini, Tana inapoingia Bahari Hindi, maji yake ya kahawia hutandaa juu ya yale ya chumvi, kwa kuwa mtungi wa maji ya bahari una kilo 20 na nusu. Maji yanaelea juu ya maji.

Tuliporudi nyumbani wajukuu walikuwa hawashikiki. Yai lilitiwa kwenye gilasi ya maji likazama. Vikatiwa vijiko vitatu vikubwa vya chumvi, likapanda. Yai la zamani lililosahauliwa nyuma ya kabati lilielea bila chumvi, kwani limepoteza unyevu na gesi zake zimevuja kupitia ganda, nikaamuru litupwe mbali kabla halijapasuka. Kipande cha barafu kilielea, karibu sehemu moja tu kati ya kumi na mbili ikiwa nje. Ndimu na limau vilipimwa, kitunguu kikapimwa, kandambili ikapimwa.

Mwisho mjukuu wa kati alileta maembe mawili kutoka kikapuni, yote ya kijani, ukubwa mmoja, yamechumwa siku moja. Akayatia kwenye karai. Moja likaelea. La pili likashuka taratibu, likagusa sakafu ya karai kwa mlio mdogo, likatulia huko.

Akanitazama. Nikamwambia kwamba embe linapokomaa hujijaza wanga, na baadaye wanga huo hugeuka sukari. Linakuwa zito kwa nafasi ile ile, na mara nyingi lililokomaa huzama na changa huelea, hata kama kwa macho ni pacha.

Tuliyafunga yote mawili kwa gazeti, tukaandika juu yake kwa kalamu: aliyezama, aliyeelea. Siku ya tano tulifungua. Aliyeelea alikuwa amenywea, ngozi imekunjamana, ndani mweupe na mchachu. Aliyezama alikuwa wa manjano hadi kwenye kokwa, na mdogo alishamaliza nusu yake kabla sijafika na kisu.

Kijana wa mkokoteni alipita jioni ile. Alikuwa amevunja kufuli kwa jiwe, akanunua nyingine. Ufunguo mpya ameufunga kwa kamba kwenye kizibo kikubwa cha chupa, na aliuonyesha kwa wajukuu wangu kwa fahari. Mjukuu wa kati aliuchukua bila kuomba, akaenda nao moja kwa moja kwenye karai.

"Hiki kizibo ni kidogo," akamwambia. "Tafuta kikubwa zaidi."